Mwanya wa Juu na Mwanya wa Chini

Kama kochi lako limechoka, sponji limebonyea na springi zinakuchoma makalio kila ukikaa, mtu wa kumtafuta alikuwa mmoja tu: Bunduki. Jina alilopewa na wazazi wake wateja hawakulijua, na wala hawakuwa na haja nalo. Bunduki alikuwa anajaza mdomoni ile misumari midogo ya kupigilia kitambaa, anafunga mdomo kama mtu anayenyonya peremende, kisha kazi inaanza. Ulimi unasukuma msumari mmoja, kichwa mbele, unatokeza kwenye mwanya wa meno. Nyundo yenye sumaku inaudaka palepale mdomoni, inageuka, to! to! umeingia. Unakuja mwingine. To! to! Mkono wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia unapiga, mdomo unalisha. Ukija kushtuka, kochi limeshavaa.

Siri yote ilikuwa kwenye mwanya. Alikuwa nao juu na alikuwa nao chini, na mianya yenyewe imeonana sawasawa, wa juu umekaa juu ya mwenzake kama vile mtu kapiga mstari kwa rula. Mkewe alikuwa anasema, "Mimi niliolewa na mwanya. Huyu mtu mwingine alikuja kama nyongeza."

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati nyuma ya duka la rangi, na humo ndani alifanya kazi na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye watu walimwita Povu. Povu alikuwa mkataji wa sponji. Vipande vya sponji vilikuwa kwenye nywele zake, kwenye nyusi, mpaka kwenye chai yake. Watu hawa wawili walitaniana kutwa nzima, na kama siku moja wamekaa kimya, jirani wa duka la rangi alikuwa anachungulia kuuliza nani kafa.

Basi uvimbe ulipoanza, ulianza na utani. Ulitokea upande wa kulia, chini ya sikio, mdogo kama punje ya mahindi.

"Shemeji," Povu akasema, "kuna msumari ulisahau kuutema."

Wakacheka. Bunduki naye akacheka. Haukuuma, na hilo ndilo lililomponza. Alikwenda kwa mng'oa meno, jino likang'olewa, uvimbe ukabaki palepale ukimtazama. Ukakua. Shavu likawa kama la mtu aliyeficha limau, kisha kama la mtu aliyeficha chungwa. Mkewe ndiye aliyemkokota hospitali siku alipoona anashindwa kufunga mdomo akinywa chai.

Daktari wa taya alikuwa mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, anaongea polepole kama mtu anayejua kwamba husikii.

"Si saratani," akasema. "Lakini usifurahi haraka. Uvimbe huu unakula mfupa. Ukiukwangua tu, unarudi. Inabidi tukate taya lenyewe, kuanzia hapa," akagusa karibu na kidevu, "mpaka hapa juu, pamoja na bawaba yake."

"Bawaba?"

Akamwekea kidole mbele ya sikio. "Fungua mdomo. Funga." Bunduki akahisi kitu kinateleza chini ya kidole. Umri wote ule alikuwa anafungua na kufunga mdomo na hakuwahi kujua kwamba kuna bawaba. Amekuja kuijua siku anaambiwa itakatwa.

Daktari akamweleza. Baada ya kukata, wangempiga picha ya kichwa kizima kwa ile mashine kubwa ya duara. Picha ingepelekwa mbali, kwa watu wanaotengeneza taya la chuma chepesi, lenye kichwa cha mviringo juu, pamoja na kikombe cha plastiki ngumu cha kupokea hicho kichwa, kinachofungwa kwenye fuvu. Kila kitu kwa vipimo vyake yeye, hakuna mtu mwingine duniani ambaye kingemtosha.

"Kama kava la kochi," Bunduki akasema.

"Kama kava la kochi," daktari akakubali. "Na ni kimoja. Kuna madaktari wageni watakuja kutufundisha kazi hii, wamekubali kuleta vifaa vya wagonjwa wachache, nimekuweka wewe. Hakuna cha pili. Sasa nisikilize. Kutengeneza kunachukua miezi. Miezi yote hiyo utakuwa na taya lenye bawaba moja, na taya la bawaba moja ni kama mlango wa bawaba moja, linalalia upande. Kwa hiyo nitakufunga waya kwenye meno ya juu na ya chini, na vimpira vya kuyashikanisha. Vimpira hivyo ndiyo bawaba yako kwa sasa. Unavitoa kula, unavitoa kupiga mswaki, unarudisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Alikuwa ameelewa kweli. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko hata kidonda.

Wakakata. Alipoamka, upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeingia ndani kama mto uliotolewa sponji. Na kuna jambo lingine: mdomo wa chini, nusu ya kulia, ulikuwa haupo. Yaani upo, anauona kwenye kioo, lakini hauhisi kitu. Mshipa wa kuhisi ulipita ndani ya ule mfupa, na mfupa ulipoondoka ukaondoka nao. Uji ukimchuruzika kidevuni yeye hana habari, mpaka mkewe aje na kitambaa. Binti yao mdogo, Kidosho, alijificha nyuma ya mlango siku baba aliporudi. Alichungulia, akarudi. Akachungulia tena. Akamwuliza mama yake kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia, "Huyu ndiye yule yule?"

Kuongea kukawa kwa kupitia kwenye meno yaliyofungwa, kama mtu mwenye hasira ambaye hana hasira. Ndipo mkewe akabuni lugha. Yeye alikuwa mpishi wa shule, anaondoka asubuhi na mapema, lakini kabla ya kuondoka alimkalisha mumewe mlangoni kwenye mwanga, akamwambia atanue midomo, akachungulia meno. Kisha anainua vidole viwili vya shahada, wa kulia na wa kushoto, anavigusanisha. Maana yake: mwanya wa juu na mwanya wa chini bado inaonana. Anatabasamu, anachukua kikapu, anakwenda zake.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo, mpaka kifaa kifike. Lakini karakanani kulikuwa na mdudu mwingine anayemla.

Povu alikuwa amenunua mashine ya kupiga pini. Unabonyeza, pini inaingia. Mtu yeyote anaweza, hata asiye na jino hata moja. Na haikuwa roho mbaya. Kazi zilikuwa zinalala, fundi mwenyewe mgonjwa, afanye nini? Tatizo ni kwamba wateja walianza kuingia wakimpita Bunduki kama fremu iliyosimamishwa ukutani, wanakwenda moja kwa moja kwa Povu. Bunduki akawa anafagia. Anakunja vitambaa. Anashikilia upande wa pili. Akitaka kusema kitu mteja anamgeukia Povu: "Anasemaje?"

Siku moja mteja akaulizia, "Hiyo nayo mnaiita bunduki?" akionyesha mashine.

"Sasa hivi tunazo mbili," Povu akasema, "ila moja imekwama."

Mteja akacheka mpaka akashika kiuno. Bunduki naye akatoa sauti fulani kwenye meno. Utani wa mashemeji, wa kila siku, angeusikia zamani angerudisha wa kumvua nguo Povu mbele za watu. Sasa aliufungia ndani, na kitu kilichofungiwa ndani kinaoza.

Halafu akaja yule mwalimu mstaafu, mjane, na kiti cha marehemu mumewe. Kiti cha zamani cha mbao, mgongo mrefu, misumari ya kichwa cha shaba pembeni yote.

"Naambiwa siku hizi mnapiga pini," akasema. "Mume wangu hakukalia pini. Namtaka huyu hapa," akamwelekea Bunduki. "Mwanangu, utanifanyia?"

Mtu alikuwa hajamwangalia machoni akimwomba kazi tangu akatwe. Bunduki akaitikia kwa kichwa.

Povu alipotoka kwenda kununua gundi, Bunduki akachukua kindoano alichopewa hospitali cha kutolea vimpira, akavitoa kimoja kimoja, akaviweka kwenye kifuniko cha chupa. Mdomo ukafunguka kwa kwenda kombo, ukavutika kuliani. Akatia misumari michache upande wa kushoto, ule unaohisi. Ulimi ukasukuma. Mwanya ukatoa. Nyundo ikadaka. To! to!

Alilia, wallahi. Akapiga mwingine huku analia.

Siku hiyo alivirudisha mapema. Siku iliyofuata akachelewa kidogo. Kuvirudisha kulianza kuuma, kwa sababu taya lilikuwa limeonja uhuru na halitaki kurudi, na kwa kuwa kunauma akawa anasogeza mbele. Ikafika mahali anavivaa anapokaribia nyumbani tu, kama mtoto anayechomekea shati akiiona shule. Asubuhi mkewe akiita, "Baba Kidosho, njoo kwenye mwanga," anamjibu kwa kupunga mkono: wahi kazini, nimeshaangalia mwenyewe. Povu alimwona bila vimpira, akadhani daktari ameruhusu. Hakuuliza. Alifurahi kusikia to! to! imerudi.

Kiti cha mwalimu kikafika mwisho. Mkono wa kulia wa kiti, mstari wa mwisho wa kitambaa, misumari ilikuwa inakwenda kama zamani. Ikabaki nafasi ya msumari mmoja. Ulimi ukaenda kuuchukua. Haupo.

Bunduki akasimama na nyundo hewani. Ulimi ukatafuta shavuni, chini, nyuma ya meno. Upande wa kulia ulikuwa kimya kama kawaida yake, hausemi ndiyo wala hapana. Akainama kuangalia sakafuni. Akakung'uta aproni. Akapekua takataka za sponji.

"Unatafuta nini?" Povu akauliza.

"Msumari."

"Chukua mwingine, si tele hapo."

"Huo ulikuwa mdomoni."

Povu akasimamisha kisu. "Labda ulihesabu vibaya."

"Sihesabu. Ulimi ndio unajua." "Povu. Nimeumeza."

Povu hakutania. Alimwita jirani wa duka la rangi, wakamtia kwenye gari lake katikati ya madebe, mbio hospitali. Wakapiga picha ya kifua na tumbo, na kweli, ulikuwa pale tumboni, umetulia, mdogo, mweupe kwenye ile picha nyeusi. Daktari kijana wa zamu akawaambia hauna neno, umeshapita pabaya, utatoka wenyewe kwa njia yake. Pumzi zikawarudia.

"Shemeji," Povu akasema, "siku ukienda chooni usikilize vizuri. Ukisikia ti! ujue kazi imekwisha."

Bunduki akacheka mpaka mate yakamtoka. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa muda mrefu sana, kwa sababu daktari kijana alikuwa ameona zile waya kwenye meno, akampigia simu daktari wa taya, naye alikuwa anashuka ngazi.

Akaja na miwani kifuani. Hakuuliza habari ya msumari.

"Funga meno."

Bunduki akafunga.

"Funga vizuri."

"Nimefunga."

Daktari akavaa miwani. Akatazama kwa muda. Akavuta stuli akakaa, na jinsi alivyokaa tu Bunduki akajua.

"Mwanya wako wa chini uko wapi?"

Mwanya wa chini ulikuwa umehamia kulia, uko chini ya jino lingine kabisa.

Daktari akaondoka, akarudi na boksi. Ndani mlikuwa na fuvu la plastiki jeupe, kichwa cha Bunduki mwenyewe, kilichochapwa na mashine kutokana na ile picha, hata mwanya umo. Na kwenye mfuko uliofungwa, kifaa. Kilikuwa kimefika wiki ileile. Kulikuwa na nakala yake ya plastiki ya kujaribia, daktari akaichukua akaiweka kwenye fuvu. Ikakaa bila hata uwazi wa kupitisha uzi. Bunduki alikuwa amevisha makochi maisha yake yote na hakuwahi kuona kitu kinakaa vile.

"Hiki ni kichwa chako cha siku ile," daktari akasema. "Kifaa kimetengenezwa kwa kichwa hiki. Wewe leo umeniletea kichwa kingine."

"Wapige picha nyingine. Watengeneze—"

"Nilikuambia nini? Hakuna cha pili." Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa afadhali. "Nyama zimejivuta. Kovu linakauka kama gundi. Wageni wanakuja baada ya wiki chache, wanafanya upasuaji, wanaondoka. Taya lisiporudi mpaka wakati huo, kifaa hakitaingia. Na kisipoingia sitakudanganya: taya litaendelea kukaza. Leo unaingiza kijiko. Kesho hakitapita. Utaishi kwa mrija."

Povu alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ameikamua kama kitambaa cha kufulia.

Mkewe aliambiwa jioni ile aliporudi, bado ananuka moshi wa jiko la shule. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mumewe kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akatanua midomo yake kwa vidole vyake mwenyewe.

"Kumbe asubuhi zote hizo," akasema, "nimeshaangalia mwenyewe, nimeshaangalia mwenyewe. Mimi nasaga chakula chako mpaka mikono inakufa ganzi, nachuja, nasaga tena, nisikukwaruze. Wewe unakula misumari!"

"Mama Kidosho..."

"Usiniite." Akamgeukia kaka yake. "Na wewe? Macho unayo ya nini?"

"Nilidhani karuhusiwa, dada."

"Ulidhani." Akakaa chini sakafuni, akaanza kulia kwa namna ambayo hata Kidosho hakuthubutu kumsogelea.

Kesho yake asubuhi alimkalisha mlangoni. Akaangalia, akainua vidole viwili. Havikugusana. Katikati yake mwanga ulikuwa unapita.

Daktari alikuwa amebadilisha vimpira, akaweka vinene vya kuvuta mshazari. Uchungu wake ulianzia kwenye meno ukapanda kwenye jicho, ukazunguka kichwa ukarudi. Bunduki aliumia kimyakimya, maana angemlalamikia nani? Kila asubuhi vidole. Kuna siku vilikaribiana, moyo ukamruka. Siku iliyofuata vilikuwa palepale. Na iliyofuata palepale. Akaanza kuvichukia vile vidole vya mkewe, akawa anafumba macho anapoona mikono inainuka. Alipungua mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Wageni walikuwa wameshafika. Daktari alikuwa ameshasema siku. Na vidole, palepale.

Sasa mtu akifika hapo akili yake inakimbilia kwenye kile anachokijua. Bunduki alijua kitu kimoja: kitambaa kikikataa kufika, unakivuta. Unatia mkanda, unaukaza kwa mti, unavuta mpaka fremu inalia, unapigilia.

Povu alikwenda kupeleka mzigo. Aliporudi akakuta mlango wa bati umefungwa kwa ndani. Akagonga. Kimya. Akasikia kitu kinakoroma. Akasukuma kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Bunduki alikuwa amepiga magoti pembeni ya fremu ya kochi la watu watatu. Mkanda wa kochi, ule mpana wa kubebea springi, ulikuwa umezunguka taya lake kuanzia kulia, umepita chini ya kidevu, umepigiliwa kwenye mguu wa fremu upande wa kushoto. Naye anajivuta kinyume kwa uzito wa mwili wote. Uso mweusi kwa damu iliyojaa, macho yametoka, mate na damu vinadondoka kwenye mbao.

"Shemeji! Shemeji, unajiua!"

Bunduki akatikisa mkono: niache. Akajivuta tena. Povu akarukia kisu cha sponji, kile kirefu, akaukata mkanda mara moja. Bunduki akaanguka chali kwenye takataka za sponji, akabaki hapo anahema.

Povu akakaa chini karibu naye. Jirani wa duka la rangi akachungulia, akaona, akaondoka bila kuuliza nani kafa.

"Ile ya kusema imekwama," Povu akasema. "Siku ile na mteja. Ulikuwa utani tu."

"Najua."

"Ungenirudishia. Ungenitukana hata nywele."

"Mdomo ulikuwa umefungwa, Povu."

Povu akafuta macho kwa mkono uliojaa sponji, vipande vikamganda usoni, na siku hiyo hakuna aliyemcheka.

Daktari alipoona alama ya mkanda alifumba macho kwanza ndipo akaongea. "Ungevunja hiyo bawaba iliyobaki, mimi na wewe tungeagana leo." Akapima meno kwa kijirula chake cha chuma. "Taya limesogea. Si kwa mkanda wako, ni kwa vimpira. Lakini halijafika." Akakaa kwenye stuli yake. "Tutafanya hivi. Tutafungua, tutakata kovu lote, tutalivuta ukiwa usingizini. Meno yakikutana, tunafunga kifaa. Yasipokutana, tunashona, unarudi nyumbani hivyo hivyo."

"Nitajuaje?" Bunduki akauliza. "Nikiamka. Nitajuaje?"

Daktari hakuelewa swali, lakini mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, alilielewa. "Mimi ndiye nitakayekuambia," akasema. "Usimwulize mtu mwingine yeyote."

Asubuhi ya kwenda, Kidosho alimshika suruali mlangoni. Siku hizo alikuwa ameshaacha kujificha. Akamwangalia kutoka chini.

"Baba, ukirudi utakuwa na mdomo?"

Bunduki akachuchumaa. Akatafuta neno ambalo lingepita kwenye yale meno na lisiwe uongo, akalikosa. Akamshika kichwa tu, akainuka.

Kitu cha mwisho alichokiona kabla ya usingizi kilikuwa ile taa kubwa ya duara, na pembeni, juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, fuvu lake la plastiki linamtazama na mianya yake miwili imeonana vizuri kabisa. Akalionea wivu.

Alipoamka aliona dari lenye doa la maji. Kichwa kizima kimefungwa bandeji, uso umevimba si wake. Jicho la kulia lilikuwa halitaki kupepesa, limebaki nusu wazi kama dirisha lililovimba mbao. Meno yamebanwa kwa vimpira. Angeweza kupeleka ulimi akajua palepale. Ulimi ulikuwa umelala chini, umbali wa nywele tu. Hakuthubutu. Aliulaza.

Nesi akapita. Bunduki akatoa sauti ya kuuliza.

"Pumzika, baba. Usiguse."

Kwa nini hasemi? Kama kimeingia angesema. Daktari wa taya akapita mlangoni akiongea na mgeni mmoja mrefu, ameshusha barakoa, amechoka, hakutazama ndani. Bunduki akajiambia: basi. Wameshona. Moyo ukaanza kumshuka, taratibu, kama sponji unalolikalia. Akaona mrija. Akaona Kidosho anakua, anaolewa, na baba yake kwenye kona ananyonya mrija, watu wanauliza, "Anasemaje?" Akatamani ile dawa ya usingizi irudi imchukue moja kwa moja.

Mkewe akaingia, na Povu nyuma yake. Macho ya mkewe yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia, hilo lilionekana, lakini kilio cha nini? Uso wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba haukuwa na kitu cha kusomeka. Akasimama kando ya kitanda, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

Bunduki akainua mikono yake, mmoja una sindano ya maji. Vidole viwili vya shahada, akaviweka hewani, vimeachana.

Mkewe akainua vyake. Navyo vilikuwa vimeachana. Bunduki akafumba jicho lake moja linalofumbika.

"Fungua macho," mkewe akasema. "Nimesema mimi ndiye nitakayekuambia. Sasa angalia."

Akaangalia. Vidole vikasogea. Vikagusana. Mkewe akaviminya mpaka kucha zikawa nyeupe, kama anaogopa akilegeza vitaachana tena.

"Kimeingia, shemeji," Povu akasema kwa haraka, maneno yanagongana. "Walikaribia kushindwa, daktari kasema walishaomba uzi wa kushonea, ndipo taya likaachia. Wamekifunga kwa skurubu, usiwe na wasiwasi, hawakutumia pini. Jicho kasema labda litarudi, labda. Mdomo wa chini ule hautahisi tena, kwa hiyo misumari ndiyo basi, shemeji, hiyo ujue kabisa. Na kile kiti cha mwalimu nimemaliza. Ule msumari mmoja uliobaki. Kwa nyundo." Akainua mkono wake wa kushoto. Kidole gumba na cha pili vilikuwa vimefungwa vitambaa, vimevimba kama viazi. "Msumari mmoja tu."

Mkewe akacheka na kulia kwa pamoja. Bunduki hakucheka. Hakuwa ameamini bado. Alikuwa amedanganya asubuhi nyingi mno mlangoni kwake, hakuweza tena kumwamini mtu kirahisi, hata mkewe.

Akauamsha ulimi. Ukapanda polepole, mzito, mkavu, nyuma ya meno ya chini, ukaupata mwanya. Ukasimama hapo. Kisha ukapanda tena, moja kwa moja, kuelekea mwanya wa juu, bila kwenda kulia wala kushoto.

Ukapita. Kwa kubana kidogo, kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano, lakini ukapita.

Akaurudisha chini, akapanda nao tena.